Hati safi, mtaro mchafu: barua ya wazi kwa wanaoyapima mabaraza yetu

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa Zanzibar. Kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Kwa wakurugenzi na madiwani wa Unguja na Pemba.

Assalaam alaykum.

Mimi ni karani mstaafu. Nilikaa masjala ya baraza moja la serikali za mitaa hapa Pemba miaka kumi na tisa, nikipokea barua, nikifungua majalada na kuyafunga. Baraza lenyewe silitaji. Walionipokea kiti ni vijana wa watu, na sikushika kalamu ili nimvue mtu nguo sokoni. Isitoshe, mengi nitakayoyaeleza niliyatenda kwa mkono wangu huu huu, kwa hivyo kama kuna wa kuona haya, wa mwanzo ni mimi.

Nataka tuzungumze kuhusu alama. Mabaraza yetu hupimwa kwa njia hii na ile: kuna hati ya ukaguzi, kuna asilimia ya makusanyo, kuna viashiria vya utendaji, kuna ripoti za robo mwaka. Matokeo husomwa kwenye mikutano yenye vipaza sauti na maji ya chupa. Sisi wa mitaani huyasikia redioni, tukatazamana. Baraza limefanya vizuri. Alhamdulillahi. Lakini hayo mazuri yamepita njia gani hata hatukukutana nayo?

Nawaambieni yalikopita. Yalipita masjala.

Kazi ya masjala watu huidharau, lakini karani wa masjala anajua siri moja: ofisi ikipimwa, kinachopimwa ni jalada. Simu ilikuwa ikipigwa kutoka juu siku tatu kabla, mara nyengine wiki nzima. "Wageni wanakuja Jumatano." Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mihutasari ya vikao iliyolala miezi ikachapwa usiku. Saini zilizokosekana zikatafutwa. Diwani mmoja tulimfuata diko, anasubiri ngarawa ya kaka yake, akatia saini juu ya tenga la samaki, na karatasi ile ikaingia kwenye jalada na magamba yake. Daftari la malalamiko, lililokuwa jeupe tangu linunuliwe, likajazwa malalamiko sita na majibu yake sita kwa kalamu tatu tofauti. Kalamu nilizichagua mimi.

Jumatano wageni walifika. Walikuwa watu wa heshima, hawakuomba kitu, walikunywa chai na vitumbua na wakafanya kazi hadi adhuhuri. Walifungua, wakasoma, wakatia vema. Alama zetu zilikuwa nzuri. Kutoka dirisha la chumba walichokaa hadi kontena la taka la sokoni ni kama hatua mia mbili, na upepo wa siku ile ulikuwa unatoka huko huko, kwani nakumbuka tulifunga dirisha. Hakuna aliyekwenda kulitazama. Siwalaumu. Fomu yao haikuwa na kisanduku cha kontena.

Nitakuwa muadilifu. Kupimwa kuna faida. Baada ya kuulizwa mihutasari mara mbili tatu, vikao vyenyewe vilianza kufanyika kwa wakati, maana kukaa kikao kulikuja kuwa rahisi kuliko kukitunga. Hayo ni maendeleo. Ila ni maendeleo ya ofisi, na ofisi haijawahi kumzolea mtu taka.

Tuanze na hati, kwa sababu hiyo ndiyo inayowapoteza watu wengi, na baadhi yao ni waheshimiwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapotoa hati inayoridhisha, ile tunayoiita hati safi, anachosema ni kwamba hesabu za baraza zimetayarishwa kama inavyotakiwa na zinaonesha hali yake ya fedha ilivyo. Basi. Hasemi soko lina maji. Hasemi taa ya njia ya hospitali inawaka. Baraza likipitisha bajeti ya viti, likanunua viti, likaandika kila kiti na risiti yake, litapata hati safi na litakuwa limeistahiki. Upo ukaguzi wa aina nyengine, wa ufanisi, unaouliza fedha ile imeleta nini, lakini huo haupigiwi makofi, kwa sababu hautoi neno moja fupi la kuandika kwenye bango. Nimewahi kuliona bango la kupongezana kwa hati safi limefungwa juu ya uzio, na chini ya uzio mtaro umejaa chupa za plastiki na vifuu vya madafu. Ningekuwa na simu ya picha siku ile, leo nisingehitaji kuandika barua ndefu.

Asilimia ya makusanyo nayo ina mchezo wake. Tuseme baraza moja limejikadiria kukusanya shilingi milioni 200 kwa mwaka, likapata 190. Hiyo ni asilimia 95, na mkurugenzi wake ataitwa mbele apewe mkono. Jirani yake amejikadiria milioni 400, akapata 300. Asilimia 75, huyu ataulizwa ana tatizo gani. Huyu wa pili ana milioni 110 zaidi za kuzoa taka na kuwasha taa, lakini mbele za watu ndiye aliyefeli. Kwa masikio yangu nilimsikia mhasibu akimwambia mwenzake, "Makisio yashushe, shemeji, tupate pa kupumulia." Hawakuwa wakiiba. Walikuwa wakijikinga na mkutano wa mwisho wa mwaka.

Halafu kuna suala la rula. Kaskazini A ya Unguja ina hoteli kutoka Nungwi na Kendwa mpaka Matemwe. Ina pa kushika. Micheweni ya huku Pemba ina wavuvi, wakulima wa mwani na akina mama wanaovunja kokoto kwa nyundo juani, na tafiti za bajeti za kaya zimekuwa zikiiweka miongoni mwa wilaya maskini kuliko zote visiwani. Ukiyapanga mabaraza haya mawili kwenye orodha moja kwa makusanyo, umepima pwani, hukupima uongozi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, karibu nusu kwa nusu baina ya Kaskazini na Kusini. Watu hao wanazalisha taka kila siku kama watu wengine, wawe na hoteli au wasiwe nayo.

Sasa twendeni mtaroni, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza tofauti ya kazi iliyofanyika na kazi iliyosaidia.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, ukamalizika Juni. Masika yetu huanza Machi, yakamalizika Mei. Mtu yeyote wa Pemba atakwambia kuwa mtaro husafishwa Februari, jua la kaskazi likiwa bado kali na takataka zimekauka, zinabebeka. Lakini fedha haiji kwa kalenda ya mvua. Miezi ya mwanzo ni ya barua na kusubiri. Robo ya pili ni mishahara na madeni ya watu. Robo ya tatu zinadondoka kidogo kidogo, zinaishia kwenye mafuta na matairi. Halafu mwezi wa Mei, mwaka ukiwa unakata roho, fedha inaingia kwa mkupuo na lazima itumike kabla ya tarehe 30 Juni isije ikapotea. Basi Juni vijana wanashushwa mtaroni na mabeleshi. Maji yameshapita. Yameshaingia kwa huyu, yameshachukua vifaranga vya yule, mchanga umekaa mlangoni mwa chuo cha Kurani na watoto wanauruka kwenda kusoma. Mtaro unasafishwa vizuri mno, unapigwa picha kabla na baada, na ripoti ya robo ya nne inaandikwa: mita zilizopangwa 800, mita zilizosafishwa 800, utekelezaji asilimia 100.

Ripoti za namna hiyo nimechapa nyingi. Hazina uongo hata nukta. Kilichokosekana ni tarehe tu. Nendeni mkazitafute ripoti za miaka iliyopita, mkaangalie kama mtakuta kisanduku kinachouliza kazi ilifanyika lini, kabla ya mvua au baada. Mimi nilikuwa nikipewa jadweli yenye kisanduku cha "iliyopangwa" na cha "iliyotekelezwa". Mvua haikuwa na pa kuandikwa.

Na mnajua kwa nini tarehe ina uzito. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza 1978, katika kijiji cha wavuvi, na tangu hapo kimekuwa kikirudi, mara nyingi kikiifuata mvua. Serikali ina mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kukitokomeza kabisa. Ni mpango mzuri na mimi nauombea dua. Lakini hautafika kwa mitaro ya Juni.

Taka ni hadithi hiyo hiyo kwa harufu nyengine. Gari letu la taka lilikuwa likipimwa kwa safari. Likitoka sokoni kwenda jaani, natia mstari kwenye daftari: safari moja. Dereva wetu, mtu mwerevu mwenye watoto sita, baada ya muda aligundua kwamba gari likienda nusu linapakiwa upesi na linarudi upesi. Safari zikapanda kutoka mbili kwa siku hadi nne. Mkubwa akafurahi, akaziandika kwenye ripoti kama ongezeko la huduma. Kontena la soko likabaki limefurika, nzi juu, paka chini, na akina mama wauza dagaa wakawa wanahamisha mabeseni yao kwa kufuata upepo: kusi wanakaa upande huu, kaskazi upande ule. Mafuta ya mwezi yalikuwa yakiisha tarehe kumi na nane. Hakuna aliyemuuliza dereva kwa nini, na hakuna aliyewauliza wale akina mama, ambao wangejibu bila ya kuinua macho kwenye mizani.

Soko sitalieleza sana. Itoshe kusema kwamba meza zilizojengwa huhesabiwa, na meza zilizokaliwa hazihesabiwi. Nenda kwenye soko jipya lolote, hesabu wauzaji walioko ndani na walioko nje juani, utapata alama ya kweli bila ya fomu.

Kuna jambo mgeni mwenye fomu hawezi kuliona hata akitaka: mwananchi hamjui mkurugenzi. Anamjua sheha, mkubwa wa shehia yake, ngazi ya chini kabisa ya serikali. Sheria zetu mbili za 2014, Namba 7 ya Serikali za Mitaa na Namba 8 ya Tawala za Mikoa, zimesimamisha ngazi mbili kwenye ukuta mmoja. Ngazi moja ina sheha, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wote wa kuteuliwa. Nyengine ina diwani tuliyemchagua na mkurugenzi tuliyeletewa. Mtaro ukiziba, Bi Mkubwa wa mtaani haendi barazani. Anakwenda kwa sheha, kwa sababu nyumba yake inajulikana na hata saa tatu za usiku atamgongea, na asipoamka atamwita kwa jina la mama yake. Sheha ataandika barua wilayani, na nakala kwa baraza.

Nakala hizo nilikuwa nikizipokea mimi. Nilizigonga muhuri wa "Imepokelewa", nikazitia kwenye jalada la masheha. Jalada lile lilikuwa nene kuliko yote ofisini, hata tulilifunga kwa kamba ya minazi lastiki ilipokatika. Ndani yake mlikuwa na baraza lote: mtaro wa wapi umeziba, taa ipi imekufa, kontena lipi halijaja, daraja gani la miti limeoza. Lilikuwa na tarehe, lilikuwa na majina ya mitaa. Katika miaka yangu kumi na tisa hakuna mpimaji hata mmoja aliyeniomba jalada lile. La malalamiko, lile la kalamu tatu, waliliomba kila mara.

Tuna shehia 388, Unguja na Pemba. Kila moja ina sheha anayeandika barua. Kama mnatafuta kipimo cha utendaji wa serikali za mitaa, msiagize mtaalamu kutoka mbali. Chukueni barua za masheha za mwaka mmoja, hesabuni ngapi zilijibiwa, ngapi zilijibiwa kwa kazi wala si kwa karatasi, na baada ya siku ngapi. Mtapata namba ambayo hakuna karani wa kuipika, kwa sababu nakala iko kwa sheha na sheha hatoi kalamu yake.

Mtoto wa dada yangu alisomea mambo ya utawala, na ndiye aliyenisimulia ya Uingereza tukiwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba siku ya Idi. Mwaka 2002, Tume ya Ukaguzi ya kule iliyapima mabaraza makubwa 150 ya England na kila moja ikalipachika neno: 22 bora kabisa, 54 mazuri, 39 ya wastani, 22 dhaifu, 13 mabovu. Magazeti yakayapanga kama ligi ya mpira. Mwaka 2005 maneno yakageuzwa nyota, na nyota zikawa zinaongezeka mwaka hadi mwaka. Lakini wananchi walipoulizwa kama wameridhika na baraza lao, waliosema ndiyo walikuwa wanapungua: 2006 walikuwa bado zaidi ya nusu, 2008 wakawa chini ya nusu. Mwaka 2009 ukaletwa mfumo mwengine, 2010 serikali mpya ikaufuta, na 2015 Tume yenyewe ikafungwa.

Nilimuuliza: sasa nani alikuwa mwongo, nyota au watu? Akacheka, akasema labda hakuna. Nyota zilipima jinsi baraza linavyojiendesha, watu walipima barabara ya mbele ya nyumba zao. Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka magamba ya samaki kwenye ule muhtasari. Ila aliniambia pia jambo ambalo sitalificha: baadhi ya mabaraza yaliyoitwa mabovu yalitikisika, yakabadilisha wakubwa wake, yakainuka. Aibu nayo hufundisha, ikimwangukia mwenyewe.

Ikimwangukia mwenyewe, nasema, kwa sababu wenzetu wa Bara nao walikuwa na utaratibu wao. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 halmashauri za kule zilipimwa kila mwaka kabla ya kupewa ruzuku ya maendeleo. Iliyofanya vyema iliongezewa asilimia 20, iliyozembea ikapunguziwa asilimia 20. Ofisini hesabu hiyo inaeleweka, hata inapendeza. Mtaani ina maana moja: mkubwa amelala, na anayepunguziwa bomba ni mama wa kijijini. Mkubwa mshahara wake uko pale pale, pengine kahamishiwa kwenye bahari nzuri zaidi. Napenda zaidi walivyofanya kwa zahanati na vituo vya afya. Walipoanza kuvipa nyota 2015, sifuri hadi tano, kituo kilichopata sifuri kilitengenezewa mpango wa kujirekebisha, kikaja kupimwa tena. Nikisikia kwamba na sisi tunataka kufunga alama na fedha, moyo unanidunda. Adhabu mpeni mwenye kiti. Kontena halina kosa.

Basi mimi naomba nini? Naomba kwanza msitupe tena namba moja iliyovimba. Mkisema baraza limepata asilimia 87, mtuambie hiyo 87 imetengenezwa na nini: makaratasi kiasi gani, makusanyo kiasi gani, taka kiasi gani. Huenda tukakuta kwamba makaratasi yana 60 na taka zina 5, na hapo tutaelewana vizuri zaidi kuliko sasa. Na makusanyo yasomwe kwa shilingi, pamoja na ya mwaka uliopita, ili anayejikadiria kidogo asipate pa kujificha.

Pili, matokeo yashuke shehiani. Ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake na shughuli zake. Mimi sijui jambo muhimu kwa muuza dagaa kuliko siku ya gari la taka. Karatasi moja ibandikwe kwa sheha, nyengine diko, nyengine skuli, nyengine mlango wa msikiti. Iandikwe kontena la mtaa huu lilizolewa tarehe gani na gani, mtaro ulisafishwa tarehe gani, taa ngapi zinawaka, barua ngapi za sheha zimejibiwa. Tovuti ni jambo jema kwa wenye bando. Karatasi haina bando, na anayepita akiona tarehe ya uongo ataifuta kwa kalamu yake, na huo nao ni ukaguzi.

Tatu, watu waulizwe. Najua mtanijibu nini, kwa sababu nilikaa kwenye vyumba hivyo: ukiwauliza watu wa Pemba, kila mtu atajibu kwa rangi ya chama chake. Wapo watakaojibu hivyo, sibishani nanyi. Siasa zetu tunazijua. Lakini hilo ni kosa la swali. Ukimuuliza mtu "Unaonaje utendaji wa baraza?" umemkaribisha kwenye kampeni. Muulize "Taka za hapa zimezolewa lini mara ya mwisho?" Jibu lake lina siku, Jumatatu au Ijumaa, na mwenziwe wa chama kile chengine atataja siku hiyo hiyo, maana wote wawili walikuwa wakiziba pua. Ulizeni mambo yenye tarehe. Hisia tuachieni sisi tuzipeleke kwenye sanduku la kura kila miaka mitano, kama tulivyofanya 2025.

Mfumo wa kumfikia mkubwa tunao. Sema na Rais Mwinyi ulipoanzishwa watu waliutumia, nami nilimsaidia jirani yangu kuandika lalamiko lake. Ni hatua njema. Lakini fikirini kidogo: mtu ameruka sheha, ameruka diwani, ameruka mkurugenzi, mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa na waziri, kwenda kumwambia Rais wa nchi kuhusu mtaro wa nyuma ya nyumba. Kama mnataka kipimo cha serikali za mitaa, kingine hicho: hesabuni mangapi yaliyofika juu kule yalistahili kumalizwa na mtu mwenye beleshi.

Kuhusu tarehe za mitaro, hilo halihitaji hata fedha mpya. Linahitaji fedha ile ile ije Januari. Nimeandika hivyo kwenye dokezo mara tatu nikiwa kazini, madokezo yote matatu yapo, yamegongwa muhuri wa "Imepokelewa". Muhuri wenyewe niliugonga mimi.

Mkiamua kuja kuyaona haya kwa macho yenu, karibuni sana Pemba. Msipige simu kabla. Njooni siku ya soko, baada ya mvua ya usiku, mshuke kwenye gari pale kontena lilipo, mumuulize muuza dagaa wa mwanzo mtakayemkuta. Ofisini mtafika tu baadaye, na majalada mtayakuta yako sawa. Niliyapanga mwenyewe.

Wenu mtiifu,

Karani mstaafu
Pemba